Kata!

Jumatatu, 3 Juni
Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mwenye ukumbi anataka mpiga video mmoja wa kudumu. Ataamua akishaona video yangu ya Jumamosi, harusi ya mpwa wangu. Nikivurunda, nafasi ni ya Droni. Droni! Kijana wa juzi, anarusha kidude angani, anapiga picha mapaa ya watu, anaita sanaa.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa yake. Taharuki! Kisu cha keki kwanza, kwa karibu, kijae skrini nzima. Kisha jicho la mama mkwe wa bibi harusi. Kisu. Jicho. Kisu. Vipande vifupi, vifupi zaidi, muziki unazimwa, keki haikatwi mpaka watu waishiwe pumzi. Mke wangu kauliza hii ni harusi au mauaji. Hana jicho la sanaa yule.

Alhamisi, 6 Juni
Mazoezi sebuleni. Kamera kashika shemeji, kaka wa mke wangu. Namwambia ausogelee mkate polepole. Anausogelea kama anavizia kuku. Nimemwagiza: nikisema "kata", zima, hamia upande wa pili. Kauliza kwa nini nisiseme "zima". Nikafoka! Watu wa filamu husema kata! Papo hapo mke wangu, aliyeigiza bibi harusi, akakata mkate. Nikamwambia si yeye. Kasema basi baba watoto, tafuta neno jingine. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Juni
Sitaki kuandika. Naandika.

Mambo yalikuwa yanakwenda! Shemeji alianzia kwenye ncha ya kisu, akapanda taratibu hadi vidole vya bibi harusi. Muziki kimya. Ukumbi kimya, hata watoto. Mama mkwe akakodoa jicho. Jicho lile! Nikalitaka. Nikapaza sauti: "Kata!"

Shemeji akazima. Bibi harusi akakata.

Kamera inawaka tena, bwana harusi anatafuna. Nikaomba kipande kirudishwe mahali pake. Dada yangu, mama wa bibi harusi, kaniambia mbele za watu: "Kaka, ondoka hapo kabla sijakukata wewe." Na Droni, mwalikwa tu, mashavu yamejaa keki yetu, anacheka!

Jumatatu, 10 Juni
Mwenye ukumbi kaitazama. Kasema moyo ulimwenda mbio, akangoja, akangoja, mara akaona watu wanapangusa midomo. Nafasi kapewa Droni. Mshenzi!

Nimewaza mchana kutwa kosa liko wapi. Nimelipata. Sauti yangu ilikuwa ya upole mno.

Bahati nzuri, kinyozi wa mtaani anataka tangazo. Taharuki tupu: wembe, sikio, jicho la mteja kwenye kioo. Mteja ni shemeji, kamera kwa mke wangu. Safari hii nitasema "kata" mpaka barabarani wasikie.

Kinyozi kaahidi kunisikiliza kwa makini.