Mashine ya Makohozi na Mimi, Rugaibula

Jumatatu, 3 Juni 1974

Mashine imefika kwa basi kutoka Bukoba. Ya kufyonza makohozi. Pampu ya kukanyaga kwa mguu, chupa ya kioo yenye kifuniko, mpira mrefu. Haihitaji umeme. Ni ya wodi yetu ya nyuma, ya wagonjwa ambao ndugu zao wameshaambiwa ukweli. Hawatapona, ila wasisongwe na makohozi mpaka siku yao ifike. Jambo jema. Ningelipenda zaidi kama asingekuja nalo Shamsa.

Shamsa! Binti wa mjini Bukoba, miaka miwili kazini. Mimi kumi na tisa. Alipelekwa kujifunza mashine siku tatu tu, sasa atatufundisha wauguzi wote. Tena Daktari Rutashobya ametangaza kwamba wiki ijayo atachagua mmoja wetu, Shamsa akiwemo, aende Bukoba kozi ya mwezi mzima, kisha awe mkufunzi wa zahanati zote za upande wa Muleba. Mkufunzi Rugaibula. Nimelitamka chooni mara tatu. Linakaa vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Somo la kwanza. Shamsa katufundisha kwa bakuli la uji. Eti kanyaga polepole, mpira usiguse koo. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Uji ukaisha hajamaliza kueleza. Klaudia, muuguzi mwenzangu, alicheka hadi akashika ukuta. Shamsa hakucheka. Alisema Baba Rugaibula, tujaribu tena. Baba! Heshima ya kunizeesha mbele za watu.

Kisha tukaenda kwa Mzee Byabato, katekista wa kwetu Izigo, ambaye kifua kimemjaa. Miezi miwili namwogesha mimi. Shamsa kamfyonza dakika moja, mzee akapumua, akasema mkono wa binti huyu hauumi. Kwani wangu unauma? Sikula mchana.

Jumatano, 5 Juni

Penye nia pana njia. Ufunguo wa kabati la vifaa ninao mimi peke yangu. Na uji ni mwepesi mno kwa mazoezi. Nimeleta kutoka nyumbani rubisi changa, pombe yetu ya ndizi, ndizi zilikamuliwa jana, mtama umeshatiwa. Ina vipande, inavutika, makohozi matupu! Nimefanya mazoezi stoo saa ya chakula, mara kumi na moja. Mguu umeanza kutii.

Mara nikasikia viatu vya Sista Felicitas, matroni wetu. Nikabana mpira kwa kibanio, nikakaza kifuniko, nikaifungia mashine kabatini, chupa imejaa vilevile. Na kesho sifungui. Shamsa asizidi kunoa mkono wake.

Alhamisi, 6 Juni

Shamsa kauliza ufunguo mara tatu. Nimesema nimeusahau nyumbani. Mzee Byabato amekoroma mchana kutwa. Nilimgeuza ubavu, nikamfuta mdomo kwa kitambaa. Iliniuma. Lakini kesho daktari anakuja kututazama, na atakayemfyonza mzee ni mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Mawe! Mawe! Mama yangu wee!

Daktari yupo, Sista yupo, wauguzi wote wamejipanga. Mzee Byabato anahangaika, macho yamemtoka. Nikasema niachieni mimi. Nikaleta mashine, nikaiweka mbele ya daktari, nikagusa kifuniko. Siku mbili ndani ya chupa iliyobanwa! Kila mtoto wa Kihaya anajua rubisi inayochacha haizibwi. Mimi pia najua. Nilisahau tu. Kifuniko kiligonga dari. Povu lilimvaa Sista kuanzia shela hadi viatu.

Shamsa aliinyakua chupa, akaisuuza kwa maji ya moto, akabadili mpira, akamfyonza mzee kabla sijafuta uso. Daktari akauliza hiyo ni harufu ya nini. Shamsa akamjibu haraka kwamba ni uji wa mazoezi, umechacha. Kwa nini anidanganyie? Ana lake jambo.

Mzee Byabato, pumzi zilipomrudia, akasema waitu, jamani, huo si uji, na kama umebaki basi aloweshwe hata midomo. Nilimlowesha kwa pamba. Alifumba macho, akatabasamu. Halafu akamshukuru Shamsa.

Jumamosi, 8 Juni

Shamsa kaitwa ofisini kwa daktari. Dakika arobaini! Katoka anacheka. Klaudia anasema jina limeshapatikana. Najua ni jina gani.

Nimeandika barua kwa mkono wa kushoto, bila jina. Nimemwambia daktari kwamba huyo aliyemchagua kwenda kozi ndiye aliyeingiza pombe wodini, ndiye aliyefungia mashine kabatini wagonjwa wakikoroma, na hafai kufundisha mtu katika nchi ya ujamaa. Nimetia sahihi: Mpenda Haki. Nimeisoma mara mbili. Kila neno ni kweli, kasoro mhusika. Nitailalia kwanza.

Jumapili, 9 Juni

Mzee Byabato amefariki saa nne asubuhi. Shamsa alishika mpira, mimi nilikanyaga pampu, polepole, alivyotufundisha. Hakukoroma hata mara moja. Alitulia tu, basi. Nililia, na sioni haya kuandika. Nilitaka kuichana ile barua.

Kisha mjane wake, Mama Kokugonza, akatushika mikono na kutushukuru. Shamsa kwanza. Mimi wa pili! Nikaenda moja kwa moja nikaipenyeza barua chini ya mlango wa daktari.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeitwa ofisini. Daktari alisema zile dakika arobaini Shamsa alikuwa akiniombea. Eti nafasi apewe Ndugu Rugaibula, ana uzoefu, anawapenda wagonjwa, anafanya mazoezi hata saa ya chakula. Daktari akakubali. Aliandika jina langu. Langu! Nilisimama wima kama mwanajeshi.

Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa barua. Akasema ufunguo wa kabati anao mtu mmoja tu, na uji haurushi kifuniko mpaka darini. Anamshukuru huyo Mpenda Haki. Atakwenda Klaudia. Akaniuliza namshuku nani kwa barua ile. Nikasema adui yangu.

Nimewaza mchana kutwa mpaka nimeelewa. Kikulacho ki nguoni mwako! Mkosaji ni Shamsa. Asingeniombea, nisingechaguliwa. Nisingechaguliwa, barua isingenihusu. Kanimaliza kwa wema wake, yule binti, na hakuna wa kumshtaki.

Klaudia anaondoka Ijumaa. Ameshapewa koti jipya jeupe. Linambana mabegani, watu wanamsifu tu. Ana nini yeye ambacho mimi sina? Nimekaa mezani. Karatasi ninayo. Natafuta maneno ya kuanzia.