Kichwa cha Treni ya Jilore Chazinduliwa Mezani

(Hotuba ya Mheshimiwa Phineas Lewa, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Matarajio ya Reli, aliyoitoa uwanjani Kakuyuni mbele ya wakulima waliokatazwa kupanda misimu miwili ili reli ipite.)

Wazee wetu, shikamooni! (Marahabaaa!) Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu; Mheshimiwa Katibu wa Naibu Mwenyekiti; wachungaji, masheikh na maimamu; machifu, manaibu wao, machifu wastaafu na wale wanaotarajia kuwa machifu; akina mama wa ngoma ya mwanzele mliotuchezea mpaka vumbi likatuingia kooni; mabwana mliosimama juani kwa sababu hema ni la wageni, na wageni mlio ndani ya hema kwa sababu hema ni langu; bila kumsahau Mwenyekiti mwenyewe, ambaye ni mimi; itifaki yote ikiwa imezingatiwa, hamjambo? (Hatujambo! Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: “Mheshimiwa, nipande au nisipande?”) Huyo ni Mama Kadzo wa Jilore, namfahamu, ni stekiholda wetu wa siku nyingi. Mama yangu, maswali yamo kwenye ratiba, kipengele cha kumi na tisa. Sasa tuko cha pili.

Leo ni siku ambayo wajukuu wenu watasimuliwa, maana kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe kichwa cha treni kimefika Kakuyuni, na hakikufika kwa reli, kwa kuwa reli yenyewe bado iko kwenye fezi ya kutafakariwa. Kimefika ndani ya boksi, nami nimekipakata tangu kijiji cha Barani kama mtoto wa siku arobaini. (Makofi. Kitambaa cheupe kinaondolewa mezani.) Msisukumane! Walio mbele wainame. Naam. Urefu wake ni shibiri moja na vidole viwili, na kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya kwa jicho, magurudumu ni kumi kamili. (“Mbona kidogo?”) Nani huyo? Ndugu yangu, hii ni modeli. Hata mimi nilizaliwa mdogo, na leo hebu nitazame.

Kilitoka kwa mzee mmoja Mtaliano wa hapo Malindi, aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka kukibeba. Kipya kabisa, hata boksi hajalifungua, na kwa moyo wa uwekezaji wa kigeni akanikabidhi pamoja na vipande vya reli vinavyotosha kuizunguka meza hii ya kanisa mara moja. Kamati iliketi siku nne kuviunganisha. Siku ya kwanza tuliunda kamati ndogo. Ya pili, kamati ndogo ikala chakula cha mchana. Ya tatu tukagundua kwamba kipande kimoja tumekiweka juu chini. Ya nne tukakigeuza, kazi ambayo wataalamu wa nje wangeifanya kwa miaka miwili. (Vigelegele kutoka kwa shemeji.)

Lakini kilikuwa na rangi ya kijani na maandishi ya Kitaliano, nikasema hapana, hatuwezi kuendelezwa kwa lugha ya watu. Nikamwita fundi Kalama wa Barani, yule anayechora kuku kwenye mabango ya hoteli, nikampa agizo kwa maandishi: apake bluu na nyeupe kila mahali, bila ubaguzi wala upendeleo. Kalama ni mtiifu. Alipaka paa, ubavu, kengele, na magurudumu yote kumi, koti tatu za rangi. Kikawa kizuri ajabu, na kikakataa kwenda. Tukawasha umeme, kimya. Tukakiombea, kimya. Naibu Mwenyekiti akashuku mkono wa mtu. Ndipo akaja Kiprop, fundi wa redio, akakitazama akasema, “Mheshimiwa, umeme unatoka kwa reli unaingia kwa magurudumu. Sasa nyinyi mmeyavalisha rangi, utaingilia wapi?” Basi Kalama akayakwangua kwa kisu cha kumenyea viazi, na jambo hilo tumeliandika kwenye ripoti kwa jina la Ukarabati Mkuu wa Awamu ya Kwanza. (Kicheko. Kalama anasimama na kupunga mkono.)

Haikuishia hapo. Kiprop akatueleza kwamba injini mpya haipewi mabehewa papo hapo. Lazima izoezwe kwanza, polepole, nusu saa kwenda mbele na nusu saa kurudi nyuma, bila mzigo. Sasa wale wanaosema kamati yangu haiendi popote, waje watazame: tumekwenda mbele na tumerudi nyuma kwa muda sawasawa! (Makofi.) Umeme tuliuvuta kutoka kwenye kinu cha kusaga mahindi hapo jirani, na ulitutosha vizuri sana, kwa kuwa kinu hakina kazi tangu mwaka jana. (“Kitasaga nini na hatujapanda? Vigingi vyenu vyekundu vimo shambani mwangu mwaka wa pili sasa, mlinikataza hata mchicha! Mawingu yale pale, Mheshimiwa. Nipande au nisipande?”) Mama Kadzo, hasira za nini? Una bahati wewe, treni itapita mlangoni pako, na takwimu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wakazi wa Jilore watanufaika. Kiprop, washa! (Kichwa kinazunguka meza mara mbili. Shangwe.) Mmeona? Kile kiberiti ni stesheni ya Barani, kile ni Kakuyuni, na kile kilicholowa chai ni Jilore.

Sasa namalizia kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi, popote alipo, kwani bado hatujamtafuta. Nawashukuru wakubwa wa reli, walionijibu kwa barua nzuri, yenye muhuri, kwamba hawajawahi kusikia habari za reli hii. Na najishukuru mimi mwenyewe, niliyevipigilia vile vigingi vyote kwa mikono yangu, kwa moyo wa kujituma, ili siku reli ikiamua kuja isipotee njia. (Mama Kadzo: “Kumbe reli haipo?”) Ipo! Si hii hapa mezani? (“Haya, mimi napanda!” Shangwe kubwa kuliko zote. Watu wanaanza kuondoka.)

Mama Kadzo, subiri! Jamani, utepe haujakatwa! Reli oyee! (“Jembe oyee!”) Maendeleo juu! (“Mbegu chini!”) Akina mama wa mwanzele, hata nyinyi? Haya, asanteni, asanteni sana kwa kuja. Na yeyote anayepitia dukani anichukulie mbegu kilo mbili, maana shamba langu nalo nililipigilia vigingi.