Majani ya chumvi ya Mama Feza

Leo nimeaibika hapa Lusangi, na kosa ni langu peke yangu.

Mama Feza ndiye aliyenipa kitanda tangu nifike kutoka Nyangwe. Macho yake yamefifia. Binti yake Riziki alikuja kujifungulia kwake, na kesho anarudi kwa mume wake huko Kabambare. Kila binti wa mama huyu akizaa, huondoka na chumvi ya majani ya kinamasi, iliyopikwa na mama mwenyewe. Riziki ndiye wa mwisho.

Wiki iliyopita mama alitafuta mtu wa kwenda kuyakata. Nikajitolea. (Shule niliacha darasa la tano, lakini majani nayajua. Ndivyo nilivyosema, tena mbele ya watu.) Nikarudi na mzigo mkubwa kichwani. Mama akanyoosha mkono.

"Lete moja niguse."

"Usijisumbue, mama. Nayajua."

Yakakauka. Leo asubuhi tumeyachoma, tukamwagia majivu maji, tukachuja, tukachemsha mpaka ikabaki chumvi ya kijivu chini ya sufuria. Kila hatua niliwaeleza majirani. (Hakuna aliyeniuliza.) Mama akatia kijiko kizima kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, tukakaa kula.

Shangazi yake Riziki alitafuna kidogo, akaacha.

"Riziki, sufuria ulisuuza? Naona iko sabuni humu."

"Sufuria iko safi, shangazi. Uliza yaya huyu, ndugu yetu mkubwa, ndiye bwana wa majani."

Mama Feza aliomba bua moja kati ya yaliyobaki. Nikamletea. Akalizungusha katikati ya vidole, mara moja tu.

"Mutoto wangu, ya chumvi iko na pembe tatu. Hii iko mviringo. Umetuchomea matete."

(Yakiwa machanga yanafanana, nawaapia.)

Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nikaangalia sombe.

"Nirudi kukata mengine, mama?"

"Yatakauka lini? Pikipiki inakuja kesho asubuhi."

Riziki akasema si kitu, atanunua ya dukani. Mama akajibu "ndiyo" kwa sauti ndogo, akaanza kukunja nguo za mtoto. Ile "ndiyo" imeniuma kuliko kicheko chote cha shangazi.

Basi, jamaa zangu, mnaotaka kucheka mtanivumilia kidogo. Subirini kesho, pikipiki ikishaondoka.