Fremu Sitini kwa Sekunde

Jumatatu, 6 Julai
Mama Zita, mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya Sista Beatrisi, kanipa mtihani. Nipige video ya harusi ya bintiye, Oktavia, Jumamosi, hapa Makambako. Ikimpendeza, jubilei hiyo, kule Njombe, ni yangu. Isipompendeza, anapewa Methusela. Methusela! Hadi leo anapiga fremu, yaani picha, ishirini na nne kwa sekunde, kama sinema za enzi za bibi yake. Kamera yangu inapiga sitini. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 8 Julai
Nimemkuta Methusela sokoni. Nikamwuliza kwa upole kwa nini anawapunja watu fremu thelathini na sita. Akadai ishirini na nne zinatosha, jicho linajazia lenyewe, na watu wamezoea hadithi ionekane hivyo. Sitini, eti, hufanana na taarifa ya habari, na zinadai mwanga mwingi. Wivu mtupu.

Jumamosi, 11 Julai
Misa ya asubuhi. Ukungu hadi mlangoni, umeme umekatika. Picha giza tororo. Sikupunguza hata fremu moja! Siachi msimamo kwa ajili ya ukungu. Mchana jua likatoka. Wakati wa kumuaga bibi harusi mashangazi walilia kwa zamu, kama ilivyo desturi. Nimenasa yote.

Jumatatu, 13 Julai
Tumeitazama kwa Mama Zita, ukoo mzima. Kanisani hawakumwona bwana harusi. Nikawaelekeza: ndiye kile kivuli kirefu. Kisha kuagana. Angavu! Nikapunguza mwendo wajue utamu wa sitini. Hapo akaonekana shangazi Lightness, wazi kabisa, akichovya kidole kwenye soda na kujipaka chini ya jicho. Mara mbili. Shangazi akachukua shali yake, akaondoka bila kuaga. Mama Zita akazima runinga.

"Laurenti mwanangu, harusi siyo ushahidi wa mahakamani. Watu wanataka kujiona, siyo kuumbuliwa."

Jubilei kapewa Methusela. Imeniuma, sifichi.

Jumanne, 14 Julai
Nimetafakari kutwa. Kosa nimeligundua: sitini ni chache! Kumbe kamera yangu inafika mia na ishirini. Alhamisi kuna mazishi Kitandililo. Marehemu kaacha wajane wawili, na familia imeshanikubali.