Barua Isiyo na Mbuzi

Leo nimejivua nguo mwenyewe mbele za watu, tena kwa kalamu yangu. Wenzangu wa darasa la ngumbaru, kaeni vizuri.

Mnajua nimechoka na bucha. Miaka sita nawaswaga mbuzi kwa miguu kutoka Kangeta mpaka kwa Mzee Salimu hapa Majengo! Nikasikia ofisi ya serikali inataka karani. Nikajiambia, Kirimi, cheti cha masomo ya usiku unacho, unangoja nini?

Mwalimu wetu alitufundisha: anayebadilisha kazi aieleze ile ya zamani mpaka ifanane na mpya. Nikaandika kurasa nne. (Alisema moja. Mimi na moja wapi na wapi?) Neno mbuzi nikalifuta kila mahali. Ofisini mbuzi ataingia kufanya nini?

Asubuhi niko mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, viatu vya kuazima, pasi ya kutembelea mfukoni. Foleni imejaa hadi uani. Karani mkuu akaisoma barua yangu kwa sauti:

"Nazijua njia zote za msitu, hata gizani. Nikipiga mluzi mmoja, arobaini hunifuata bila kuuliza. Kwa kisu sina mpinzani. Nimelisha mamia, na hakuna askari aliyewahi kunizuia."

Homugadi wawili, walinzi wa serikali pale mlangoni, wakashika bunduki. Hali ya Hatari yote hii, nami nimejiandikia ujemadari wa waasi wa msituni, tena kwa mwandiko mzuri!

"Arobaini gani?" Bwana Shauri akauliza.

"Mbuzi, bwana."

"Mbuzi wameandikwa wapi?"

"Nimewafuta, bwana."

"Wako wapi sasa?"

"Wameliwa, bwana."

Pasi yangu ikachukuliwa. Bila pasi siku hizi ni lori, na lori ni kizuizini. Ukarani nikausahau palepale. Nikalia, "Muulizeni Mzee Salimu!"

Mzee akaletwa na aproni yake ya damu. (Nilikuwa nimemwambia naumwa.)

"Kumbe homa yako ndiyo hii?" Kisha akamgeukia mkubwa. "Jemadari? Huyu? Bwana, wiki jana beberu alimfukuza akapanda juu ya meza yangu ya nyama! Kisu simpi, atajikata. Na giza likiingia humwomba mama yangu amsindikize chooni, na mama mwenyewe haoni!"

"Ni kweli?"

Foleni nzima imetega masikio. Ningefanyaje?

"Ni kweli, bwana. Yote." (Ya chooni ni uongo! Nusu.)

Bwana Shauri akacheka mpaka akapangusa macho. Pasi nikarudishiwa. Kazi nikanyimwa.

"Karani anayefuta mbuzi arobaini," akasema, "kesho atafuta nini?"

Tulipofika mlangoni pa bucha, Mzee akanigeukia. "Kesho uende Muthara. Mbuzi kumi na wawili. Na uwaandike wote."

Haya, chekeni, nimewaruhusu. Ila mkiniona sokoni, tafadhali, msinipigie mluzi. Homugadi wameshaanza.