Msasa na Matufaha ya Bibi Winifred

Jumamosi, 21 Septemba
Hakuna binadamu Herefordshire nzima, Uingereza yote labda, anayejua matufaha kunizidi. Hakuna! Hata nyuki wakipotea njia ya maua, mimi ndiye wa kuulizwa. Shuleni walinishinda, mtini hawaniwezi.
Leo Mjomba Royston katangaza: mti wa tufaha wa Bibi unakatwa, apate pa kuegesha karavani, ile nyumba yake ya magurudumu. Bibi Winifred kamjibu kwamba mti ule ulipandwa na mama yake, kwa hiyo aanze kumkata yeye. Kelele mpaka chai ikapoa! Wamepatana hivi: mti ukipata kadi yoyote ya ushindi kwenye maonyesho ya matufaha Jumamosi ijayo, unaishi. Usipopata, shoka. Nimemwambia Bibi alale usingizi, jambo liko mikononi mwangu. Sijui kwa nini alishtuka.

Jumatatu, 23
Tatizo ni sura. Tufaha letu ni Egremont Russet: dogo, rangi ya udongo, ngozi inakwaruza kama ulimi wa paka. Jirani yetu Alby Tudge kachungulia juu ya ua, kauliza tangu lini tunalima viazi mtini. Yeye analeta maonyeshoni Worcester Pearmain, matufaha mekundu kama mashavu ya mlevi. Nimemwambia yamekuwa mekundu kwa aibu ya kuishi kwake. Akainama nyuma ya ua! (Alikuwa anacheka, ila kimyakimya.)

Jumatano, 25
Wazo! Nimechuma matano bora, nikayapiga msasa laini wa Mjomba, juu yake siagi. Yanang'aa kama kipara cha kasisi! Bibi kauliza siagi imekwenda wapi. Nikamsingizia paka. Paka kanitazama vibaya.

Jumamosi, 28
Ukumbi wa kijiji umefurika. Sahani yangu inameremeta kuliko zote. Jaji, Bi. Prosser, akainama, akagusa, akafuta kidole. Akauliza nani kawachubua hawa maskini. Ukwaruzo ule ndio Russet yenyewe, akasema. Eti nimeleta kondoo aliyenyolewa kwenye mashindano ya sufu. Nje! Alby akacheka mpaka akashika meza. Bi. Prosser akamgeukia: na wewe, bwana, uliyeyasugua ya kwako kwa sweta, ule unga mwembamba wa asili juu ya ganda uko wapi? Nje! Zamu yangu kucheka.
Nikageuka, Mjomba keshatoka kufuata shoka. Nikakimbia kumzuia.
Ndipo nikaona foleni kwenye meza ya kuonja, ambako ladha nayo hushindania kadi. Bibi! Kakaa na kikapu cha Russet zenye sura zao zilezile, anakata vipande, wala hakuniambia neno. Watu wanatafuna, wanafumba macho. Mmoja anaapa ni njugu, mwingine anabisha ni peari. Wakapiga kura. Kadi nyekundu ya ushindi, nambari moja! Mti unaishi! Bibi kacheza ukumbini kisu kikiwa mkononi. Mjomba aliporudi, akaomba radhi kwa mbali.

Jumapili, 29
Nimewaeleza wote kanisani kwamba ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Msasa ulikuwa wa kumpumbaza Alby. Mwakani ni peari. Zina madoa, nitazipaka rangi. Bibi kaficha brashi.
Kitu kimoja tu kiliharibika kweli, nakiandika hapa kwa sauti ndogo. Tangu nizaliwe naringia mti ule, na sijawahi kuonja tunda lake hata moja. Sura ilinitisha. Jana nilipofika mbele ya foleni, kikapu kitupu. Mtini napo Bibi alishachuma yote, na matano yangu ya siagi yalishatupwa.
Nikaramba kisu.