Pantalo yangu juu ya mulingoti

Leo nimepata haya ambayo hata sabuni haiwezi kuitoa.

Mi ni fundi wa kushona hapa muji wa Baraka, kando ya ziwa. Niko na fianse, muchumba wangu Neema, na wiki ijayo familia yetu inaenda kwao kupeleka maneno ya ndoa. Papa yake, baba mukwe wangu, ni muvuvi, iko na mutumbwi mukubwa wa mbao wenye tanga. Leo ilikuwa fete, sikukuu ya mitumbwi ya matanga kule bandarini. Ingine ilitoka mbali, kijiji cha Nundu. Nikaenda na pantalo mupya, suruali nyeusi, niliishona mwenyewe, ili bakwe banione vizuri.

Baliniona vizuri.

Mutu mwenye kushika kamba ya tanga alikuwa na malaria. Papa mukwe akanigeukia.

"Kijana, unajua kushika kamba?"

"Najua, papa." (Nani anakatalia papa mukwe mbele ya batu? Na kamba ni kamba.)

Tukatoka. Mwanzoni ilikuwa muzuri sana. Nikamuona Neema kwenye muchanga, nikataka kumupungia mikono yote miwili. Basi kamba nikaifunga kwa mukaba wangu wa kiunoni.

Upepo ukaja. Tanga ikajaa, mutumbwi ukalala upande.

"Legeza kamba," papa akasema.

"Nimeifunga, papa."

"Wapi?"

"Kwa mukaba."

Akanitazama kiunoni. "Basi fungua mukaba. Mbio."

Nikafungua. Sasa, mi nashona nguvu. Vile vitanzi vya mukaba niliviwekea uzi mara mbili. Mukaba haukutoka kwa pantalo. Pantalo ndiyo ilitoka kwangu. Kamba ikaruka nayo, ikajisokota kwa ncha ya mulingoti, na miguu yote miwili ikajaa upepo, kama mutu anayekimbia hewani. Mi nikabaki chini na kalson ya maua, nguo ya ndani tu.

Nikajificha ndani ya wavu. Upepo ukatusukuma moja kwa moja mbele ya meza ya wakubwa. Nikasikia mutangazaji kwenye mikro anasema: "Ule mutumbwi uko na bendera ya pekee. Zawadi ya mapambo ni yao. Mwenye wazo hili akuje achukue mbuzi."

"Banakuita," papa akasema.

"Papa, sina pantalo."

"Naona. Baraka yote inaona."

Hapo mama mukwe, mama ya Neema, akatoka kwenye muchanga, akaingia kwenye maji. Huyu mama, kwa desturi yetu ya heshima, hajawahi kunitazama usoni, na mi siwezi kula mbele yake. Akatembea kinyumenyume mpaka kwetu, akafungua kikwembe chake cha juu, kitambaa cha kujifunga, akakinyoosha nyuma bila kugeuka.

"Vaa, mutoto. Mbuzi inangoja."

Nikavaa. Kikwembe cha bamama ba korali, baimbaji ba kanisa, na maandishi ya sifa kwenye matako. Nikapokea mbuzi. Mukono moja kamba ya mbuzi, mukono moja kikwembe. Mbuzi ikavuta. Ilibidi nichague, nikachagua kikwembe. Neema ndiye aliyekimbiza mbuzi, akaikamata, akaanguka nayo, akacheka mpaka akashindwa kusimama.

Papa amesema wiki ijayo tukuje tu. Ila pantalo amekataa kuishusha, anasema imemuletea mbuzi.

Kwa hiyo, mwenye atapita bandarini, nakuomba sana, angalia samaki tu.